Rachel Ruysch: Mchoraji wa Maua Aliyezaa Watoto Kumi

Kando ya mfereji wa Bloemgracht mjini Amsterdam, katika robo ya mwisho ya karne ya 17, palikuwa na nyumba ambayo watu walilipa kiingilio ili waone maiti. Mwenye nyumba, Frederik Ruysch, alikuwa daktari. Aliwafundisha wapasuaji wa mji anatomia na kuwanoa wakunga. Umaarufu wake lakini ulitokana na ufundi wa kudunga nta yenye rangi ndani ya mishipa ya mwili uliokufa, hata shavu la kichanga likarejewa na wekundu wa uhai.

Rafu zake zilijaa chupa. Katika baadhi ya chupa hizo ulikuwamo mkono wa mtoto uliovishwa kipande cha lesi, ili mgeni asipaone mahali ulipokatwa. Juu ya meza alijenga mandhari: vilima vya mawe yaliyotolewa katika figo na nyongo za wagonjwa, miti ya mishipa iliyokaushwa, na mifupa midogo ya vijusi imesimama ikijifuta machozi kwa leso zilizokatwa kwenye utando wa tumbo. Waholanzi wa wakati ule waliona humo mawaidha juu ya ufupi wa maisha, na papo hapo wakastaajabia kazi ya Muumba. Petro Mkuu wa Urusi alipoutembelea mkusanyiko huo alipagawa nao, na mwaka 1717 akaununua wote kwa gilda 30,000 na kuupakia melini kwenda St. Petersburg. Inasimuliwa kwamba aliyemsaidia daktari kuyapanga mandhari yale, na kuyapamba kwa maua, makombe na lesi, ni binti yake Rachel.

Huyo binti ndiye aliyekuja kuwa mchoraji wa maua aliyelipwa vizuri kuliko karibu wachoraji wote wa kiume wa nchi yake.

Kipaji alikuwa nacho, tena kikubwa. Lakini Uholanzi ya karne hiyo ilikuwa na wasichana wengi wenye vipaji ambao kazi zao hazikuvuka kizingiti cha nyumba. Rachel Ruysch alichora kwa karibu miaka 70, akapitia mimba kumi bila kuweka brashi chini moja kwa moja, na kuna mambo yaliyomwezesha: baba aliyempeleka kwa fundi, mji uliokuwa bandari ya dunia, mume aliyemwachia nafasi, na bwana aliyemlipa bila kumhamisha nyumbani. Ukiyajua hayo, hata shada lake la maua utalitazama kwa jicho jingine.

Alizaliwa The Hague tarehe 3 Juni 1664, na familia ikahamia Amsterdam angali mdogo. Upande wa mama ulikuwa wa wasanii. Babu yake mzaa mama, Pieter Post, ndiye msanifu wa jumba la Huis ten Bosch, ambalo hadi leo ni makazi ya mfalme wa Uholanzi. Ndugu wa babu huyo, Frans Post, alivuka Atlantiki hadi Brazil na kuwa miongoni mwa wachoraji wa kwanza wa Ulaya kuchora nchi ya Amerika kwa macho yao wenyewe. Kwa hiyo kuchora hakukuwa jambo geni katika nyumba hiyo, wala hakukuhesabiwa kuwa upotevu wa muda wa msichana.

Mwaka 1679, Rachel akiwa na miaka 15, baba alimpeleka kujifunza kwa Willem van Aelst. Hatua hiyo haikuwa ya kawaida. Wanawake wachache walioishi kwa uchoraji wakati huo wengi wao walikuwa mabinti wa wachoraji, wakafundishwa na baba zao chini ya paa la nyumbani. Kumtoa binti wa daktari kwenda kuwa mwanafunzi wa bwana wa nje, kwa gharama, kulionyesha kwamba mzazi alikusudia kitu zaidi ya kumpa mtoto pambo la kumvutia mchumba. Na Van Aelst hakuwa fundi wa mtaani. Alikuwa amefanya kazi Ufaransa, kisha Florence kwa ukoo wa Medici, akarudi Amsterdam na jina kubwa. Kabla yake shada la maua lilichorwa limesimama wima, ua kubwa katikati na mengine yakilizunguka pande zote sawasawa. Yeye alililaza upande, akaacha shina moja litoroke nje ya kundi, na ua jingine akaligeuza lionyeshe kisogo chake. Rachel alikichukua kitu hicho na kukifikisha mbali kuliko mwalimu wake.

Jirani wa karakana ya Van Aelst alikuwa mwanamke mwingine mchoraji wa maua, Maria van Oosterwijck, ambaye picha zake zilinunuliwa na Louis XIV wa Ufaransa na Kaisari Leopold wa Vienna. Arnold Houbraken, aliyeandika habari za wachoraji wa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 18, anasimulia kwamba Van Aelst alitaka kumwoa Maria, naye Maria akamwekea sharti: afanye kazi saa kumi kila siku kwa mwaka mzima. Kila siku ambayo bwana hakuonekana kwenye egemeo lake la kuchorea, Maria alichora alama ya chaki dirishani. Alipokuja kudai jibu, alionyeshwa alama hizo. Maria hakuolewa na yeyote maisha yake yote, na alimfundisha uchoraji mtumishi wake wa kike, Geertgen Wyntges, naye akawa mchoraji. Kwa mwanamke wa kazi hiyo kukaa bila mume lilikuwa jambo la kueleweka, kwa kuwa ndoa mara nyingi ndiyo iliyokuwa mwisho wa brashi.

Kwa nini maua? Sababu moja ni kwamba milango mingine ilifungwa. Katika sanaa ya Ulaya heshima ya juu ilikuwa ya picha za historia na za Biblia. Kuzichora kulihitaji kuujua mwili wa binadamu, na elimu hiyo ilipatikana kwa kuchora watu wakiwa uchi, jambo ambalo mwanamke hakuruhusiwa. Maua, matunda na vyombo vya mezani vilikuwa ngazi ya chini kabisa. Mwaka 1678, mwaka mmoja tu kabla Rachel hajaanza masomo, mchoraji na mwandishi Samuel van Hoogstraten aliwaita wachoraji wa vitu hivyo askari wa kawaida katika jeshi la sanaa. Lakini wanunuzi hawakumsikiliza Hoogstraten. Uholanzi ilikuwa nchi ya wafanyabiashara, na picha ya maua ilitundikwa sebuleni mwa mtu ambaye pengine alikuwa tayari ametumia fedha nyingi kununua kitunguu cha tulipu chenyewe. Ile homa ya tulipu iliyopandisha bei hadi zikaporomoka Februari 1637 ilikuwa imekwisha kabla Rachel hajazaliwa, ila mapenzi ya nchi hiyo kwa maua adimu yaliendelea.

Picha za ujana wake, za mapema miaka ya 1680, bado zina harufu ya nyumba ya baba. Nyingine zinaonyesha sakafu ya msitu penye giza: uyoga, kuvu, chura, nyoka, mjusi, na maua yameota katikati ya hatari hizo. Mtindo huo aliuanzisha Otto Marseus van Schrieck, mtu aliyefuga nyoka na vyura ili awachore, na aliyekuwa akigandamiza mbawa halisi za kipepeo kwenye rangi mbichi ili unga wake ubaki pichani. Kwa binti aliyekulia kati ya chupa za Frederik Ruysch, viumbe hao hawakuwa na kitisho chochote.

Shada la Ruysch lenyewe linafaa kusogelewa. Mandharinyuma ni meusi au kahawia iliyokolea. Katikati, mahali nuru inapogonga, kumekusanyika maua meupe na ya rangi hafifu: waridi, pioni, pengine tulipu nyeupe yenye michirizi myekundu. Kadiri jicho linavyotoka katikati, rangi zinazidi kukolea, hadi pembeni kabisa majani na machipukizi yanamezwa na kivuli. Shina moja refu limejipinda kutoka chini upande mmoja hadi juu upande wa pili, na mzunguko wote wa maua unaufuata mpindo huo. Hakuna ua lililopangwa sambamba na jingine. Waridi limeinama kwa uzito wake lenyewe, mpopi umeanza kupukutika, jani limetobolewa na kiwavi na kingo za tundu zimegeuka manjano. Chungu anapanda shina. Nyuki ameingiza kichwa ndani ya ua. Tone la maji limesimama juu ya petali, na ndani ya tone hilo mna alama ndogo ya mwanga wa dirisha.

Shada la namna hiyo halikupata kusimama juu ya meza yoyote ya Amsterdam. Tulipu huchanua Aprili na Mei. Waridi hungoja Juni. Mengine huja mwishoni mwa kiangazi. Leo mwenye duka la maua jijini humo anaweza kuwa nayo karibu yote siku moja, kwa kuwa waridi zilizokatwa Naivasha husafirishwa kwa ndege hadi mnada wa Aalsmeer, jirani na Amsterdam, katika majira yote ya mwaka. Rachel hakuwa na njia hiyo. Alilazimika kulichora kila ua kwa wakati wake, akitunza vielelezo, kisha kuviunganisha kuwa kitu kimoja, na kuhakikisha nuru inaangukia waridi la Juni na tulipu ya Aprili kutoka dirisha lilelile. Picha moja kubwa ingeweza kuchukua miezi mingi. Ndiyo maana kazi zake hazikuwa za wingi mkubwa: picha zinazotajwa kuwa zake ni takriban 250, kwa maisha ya kazi ya karibu miaka 70.

Rangi nazo zilitaka subira. Mafundi wa aina yake walianza na tabaka la kwanza la rangi zilizofifia, lenye kuonyesha umbo na kivuli tu, wakaliacha likauke. Juu yake waliongeza rangi nzito zaidi, kisha wakamalizia kwa matabaka membamba yanayopitisha mwanga. Wekundu ule wa ndani ya waridi hutokea pale rangi nyekundu nyembamba inapopakwa juu ya nyeupe iliyokauka, na mwanga ukapenya na kurudi. Kijani cha majani mara nyingi kilipatikana kwa kuweka manjano ya mimea juu ya buluu. Manjano hayo hayakudumu. Katika picha nyingi za maua za Kiholanzi jua la karne tatu limeyafuta, na leo mtazamaji hukuta majani yamekuwa ya buluu, rangi ambayo mchoraji hakuikusudia.

Mwaka 1685 baba yake alipewa kazi nyingine iliyobadilisha rangi za binti: uprofesa wa botania, pamoja na kufundishia katika bustani ya mimea ya Amsterdam. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1638 kwa ajili ya mimea ya dawa, lakini sasa ilikuwa ikipokea mbegu na miche kutoka kila mahali meli za kampuni za biashara za Kiholanzi zilikotia nanga: Rasi ya Tumaini Jema, Ceylon, Java, Brazil, Suriname. Mwaka 1706 uliletwa humo mche wa kahawa kutoka Java, wa jamii ileile ya mbuni yenye asili ya Ethiopia na iliyopitia Yemen. Uzao wa mche huo ulipelekwa kwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1714, na kutoka Amsterdam na Ufaransa ikatoka mibuni mingi iliyopandwa baadaye Amerika.

Mgeni anayezitazama picha za Rachel kwa haraka haoni tofauti. Anayejua mimea hushtuka. Picha yake ya mwaka 1700, ambayo sasa ni mali ya majumba ya sanaa ya Bavaria, Ujerumani, ina pioni za kawaida za Ulaya, lakini kando yake kuna haibiskasi, kuna maua ya jamii ya pasheni, mmea wa Amerika, na kuna mnanaha, mmea wa sumu ambao jamii yake pwani ya Afrika Mashariki huota ovyo penye majalala. Kwa Mholanzi wa mwaka 1700 ua la mnanaha lenye umbo la tarumbeta lilikuwa kitu cha kuonyeshwa kwa marafiki ndani ya nyumba ya vioo. Ni wachoraji wachache waliokuwa na ruhusa ya kukaa mbele ya mimea hiyo kwa muda wa kutosha. Binti wa profesa alikuwa nayo.

Uzuri huo ulikuwa na gharama iliyolipwa na wengine. Meli zilizoleta miche zilikuwa sehemu ya biashara iliyoendeshwa kwa mabavu na, huko Suriname na Brazil, kwa utumwa wa Waafrika. Mtu aliyeliandika hilo wazi ni mwanamke mwingine wa Amsterdam, Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu na mimea, aliyesafiri kwenda Suriname mwaka 1699 akiwa na umri wa miaka 52. Katika kitabu chake cha mwaka 1705 anaeleza kwamba wanawake watumwa walimwambia jinsi wanavyotumia mbegu za kichaka kimoja chenye maua mekundu na manjano kuharibu mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Merian aliijua nyumba ya Frederik Ruysch na mkusanyiko wake. Rachel hakuandika lolote la namna hiyo, na picha zake haziulizi ua limetoka kwa nani. Anayezipenda anapaswa kulikumbuka hili, kwa sababu ni sehemu ya historia ya rangi zile.

Jumba la Metropolitan la New York lina picha ya Rachel ya mwaka 1692, akiwa na miaka 28. Aliyemchora ni Michiel van Musscher, mchoraji wa sura za watu, lakini maua yaliyo mezani amechora Rachel mwenyewe. Ameketi na kibao cha rangi, amevaa vazi la thamani, naye anapanga shada. Kila mmoja alichora alichokimudu, turubai moja, na bei ya picha ikabeba majina mawili. Wakati huo alikuwa tayari anajulikana kwa jina lake mwenyewe, na alikuwa bado hajaolewa.

Mwaka uliofuata, 1693, aliolewa na Juriaen Pool, mchoraji wa sura za watu. Alikuwa na miaka 29, umri uliochelewa kidogo kwa wakati ule, na alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kazi nyuma yake. Katika ndoa hiyo walizaliwa watoto kumi. Mtu yeyote aliyewahi kulea anaweza kupima maana yake: mimba, kunyonyesha, homa za watoto, misiba, nyumba ya kuendesha. Na bado tarehe zilizo kwenye picha zinasonga mbele mwaka hadi mwaka, na ukubwa na ugumu wa kazi unaongezeka. Fedha zilisaidia, picha zake zililipia watumishi. Aina ya kazi nayo ilisaidia, kwani ua huchorwa nyumbani, pasipo kumngoja mteja aje kukaa kitini. Pool, mwenye egemeo lake mwenyewe, aliishi na mke aliyempita kwa sifa na kwa bei, na hakuna dalili kwamba alimzuia. Jina alilotia sahihi mke huyo maisha yake yote lilibaki Rachel Ruysch.

Mwaka 1701 wote wawili walipokewa katika Confrerie Pictura, chama cha wachoraji cha The Hague. Rachel alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia humo.

Miaka saba baadaye likaja jambo kubwa zaidi. Johann Wilhelm, mtawala wa jimbo la Pfalz na mmoja wa wakuu wa Ujerumani waliokuwa na haki ya kumchagua kaisari, alimteua kuwa mchoraji wa ikulu yake ya Düsseldorf. Mkataba wa namna hiyo kwa kawaida ungemtaka mchoraji ahamie kwa bwana wake. Rachel aliruhusiwa kubaki Amsterdam pamoja na watoto wake, akawa anapeleka picha Düsseldorf na kulipwa. Ruhusa hiyo ilitosha kuifanya kazi iwezekane. Mwaka 1711, akiwa na miaka 47, alijifungua mtoto wa mwisho, mwana, akamwita Jan Willem kwa jina la mtawala huyo, naye mtawala akakubali kuwa baba wa ubatizo.

Mwaka huohuo wa 1711 una tarehe ya moja ya picha zake bora, ambayo sasa iko Uffizi, Florence. Matunda yamemwagika kwenye ardhi ya msitu, zabibu zimebeba ule ukungu mwembamba ambao kidole kikigusa tu hufutika, na chini, pembeni, kuna kiota chenye mayai. Mjusi amekivamia. Johann Wilhelm alikuwa ameoa binti wa Cosimo III de' Medici, na picha hiyo ilikwenda Florence kama zawadi kwa mkwewe. Binti huyo, Anna Maria Luisa, ndiye aliyekuwa wa mwisho wa ukoo wa Medici, na kwa makubaliano ya mwaka 1737 aliuachia mji wa Florence hazina zote za sanaa za ukoo kwa sharti kwamba zisitolewe nje. Hivyo picha iliyochorwa na mama mwenye mimba au kichanga kifuani mjini Amsterdam imebaki Florence hadi leo kwa uamuzi wa mwanamke mwingine.

Bei zinaonyesha hadhi yake kuliko sifa. Picha za Ruysch ziliuzwa kati ya gilda 750 na 1,200, na zaidi. Rembrandt kwa nadra alipata zaidi ya gilda 500 kwa picha moja wakati wa uhai wake, na fundi wa kawaida aliishi kwa takriban gilda 300 kwa mwaka. Askari wa kawaida wa Hoogstraten alikuwa akilipwa kuliko majenerali.

Johann Wilhelm alifariki mwaka 1716 na kazi ya ikulu ikaisha. Katika miaka ya 1720 Rachel na mumewe walishinda fungu kubwa la bahati nasibu, na baada ya hapo picha zake zikapungua kwa muda. Hakuhitaji tena kuuza. Alirudi kwenye egemeo, hata hivyo, na alichora akiwa na miaka sabini, kisha themanini. Picha za uzee ni ndogo, rangi zake ni nyepesi, shada ni la maua machache. Kwenye baadhi ya hizo aliandika umri wake kando ya jina na mwaka, na moja ya mwaka 1747 inasema ana miaka 83. Ni vigumu kuliona hilo kuwa kitu kingine isipokuwa fahari, na alikuwa na haki nayo.

Jan van Gool, mwandishi wa maisha ya wachoraji, alimtembelea bibi huyo uzeeni na kuandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1750. Mwaka huohuo kilichapishwa kijitabu cha mashairi ya kumsifu, kilichotungwa na washairi kadhaa. Rachel Ruysch alifariki Amsterdam mwaka 1750, akiwa na miaka 86. Pool alikuwa amemtangulia kwa miaka mitano.

Wanunuzi hawakumsahau hata siku moja. Picha zake zilipita mikononi mwa wafalme na baadaye makumbusho. Waliomsahau ni waandishi wa historia. Karne ya 19 na sehemu kubwa ya ya 20 ziliandika sanaa ya Uholanzi kama hadithi ya Rembrandt, Hals na Vermeer, na maua yakaachwa kwenye sura za mwisho, ambako Jan van Huysum, aliyezaliwa miaka 18 baada ya Rachel, alitajwa kwanza. E. H. Gombrich alipotoa mwaka 1950 kitabu chake cha historia ya sanaa, kilichosomwa na mamilioni, hapakuwa na mwanamke hata mmoja ndani yake. Makumbusho makuu ya Uholanzi, Rijksmuseum, yalingoja hadi tarehe 8 Machi 2021 kutundika kazi za wanawake katika Ukumbi wa Heshima, pale anaponing'inia Rembrandt. Walichaguliwa watatu: Judith Leyster, Gesina ter Borch na Rachel Ruysch.

Maonyesho makubwa ya kwanza ya kazi zake peke yake yalifunguliwa Munich mwishoni mwa 2024, yakaenda Toledo katika jimbo la Ohio, kisha Boston mwaka 2025. Waandaaji walishirikiana na wataalamu wa mimea na wadudu, wakavitambua vilivyomo pichani kimoja kimoja, na kuviweka karibu na vielelezo halisi vya viumbe hao.

Katika maonyesho hayo kulikuwa na picha za mchoraji mwingine ambaye wengi hawakuwa wamemsikia: Anna Ruysch, mdogo wake Rachel kwa miaka miwili. Walikulia nyumba moja, baba mmoja, chupa zilezile. Picha ya Anna yenye tarehe ya 1685 inaonyesha mkono uliofundishwa vizuri, na alinakili kazi za dada yake kwa ustadi kiasi kwamba wataalamu wamekuwa na kazi ya kutenganisha ipi ni ya nani. Anna aliolewa na Isaak Hellenbroek, mfanyabiashara wa rangi za uchoraji, na aliishi hadi mwaka 1754, miaka minne baada ya Rachel. Kazi zake zenye sahihi ni chache mno. Watafiti sasa wanazipitia upya picha ambazo hazina jina, na zile ambazo kwa muda mrefu zimepewa jina la dada mkubwa, wakizitafuta zilizo za Anna.